Aliyefika na Asiyefika: Safari ya Dodoso la Afya Hadi Mlangoni

Kila zahanati ina daftari lake. Mgonjwa akifika huandikwa jina, umri, kijiji anakotoka, kinachomsumbua na dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi mistari hujumlishwa, jumla ikaenda wilayani, ikatoka wilayani kwenda mkoani, na mkoani kwenda wizarani. Tanzania Bara kazi hiyo imefanywa tangu miaka ya 1990 katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kusubiri anakijua kile kitabu kipana kinachofunika nusu ya meza ya mganga. Hesabu yake ina thamani kubwa, lakini inamjua aliyefika tu. Mama aliyejifungulia chumbani kwake, kashikwa mkono na mkunga wa jadi, hayumo. Mzee aliyechemsha mwarobaini akajifunika blanketi hayumo. Mtoto aliyepandwa na homa usiku, akanunuliwa vidonge dukani, akapona au akafa kabla ya alfajiri, naye hayumo.

Pengo hilo lilipimwa mapema katika mji wa Mityana, magharibi ya Kampala. Kijiji cha kila mgonjwa wa nje kilikuwa kikiandikwa, kwa hiyo palikuwa na njia ya kulinganisha waliofika kutoka kila umbali na idadi ya watu walioishi huko. Matokeo yaliingia katika kitabu alichokihariri Maurice King mwaka 1966 kutokana na mkutano wa Makerere, kitabu ambacho madaktari wengi wa vijijini walikibeba hadi kikachakaa. Yalikuwa ya kutisha kwa urahisi wake: kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na hospitali, ndivyo safari za mtu kwa mwaka zilivyopungua, tena kwa kasi, hata maili chache tu zilitosha kuzikata nusu. Ugonjwa haupungui kwa maili, na aliyeishi maili kumi kutoka hospitalini aliugua kama jirani wa hospitali. Tofauti yao ni kwamba mmoja alionekana.

Kwa miongo mingi kabla ya hapo, serikali za kikoloni zilihesabu waliofika na kuiita hesabu hiyo hali ya afya. Ripoti za mwaka za idara ya tiba ya Tanganyika zilijaa majedwali ya wagonjwa wa nje, na idadi ilipopanda ilisomwa kama dalili kwamba wananchi wameanza kuiamini tiba ya Kizungu. Katika miaka ya 1920 watu walimiminika kweli. Sindano ya buba ilikausha vidonda ndani ya siku chache, habari zake zikasambaa, na mwenye buba akakubali kutembea kutwa kuifuata. Mwenye ugonjwa mwingine alibaki nyumbani, na daftari halikuwa na safu ya kumwandika. Robert Kuczynski, mtaalamu wa demografia aliyezichambua takwimu za makoloni ya Uingereza, alipofika Afrika Mashariki katika juzuu la mwaka 1949 alionyesha jinsi hata idadi ya wakazi wenyewe ilivyokuwa ya kukisia. Na usipojua wangapi wanaishi kijijini, hutajua wangapi hawakuja. Sensa ya Afrika Mashariki ya mwaka 1948 ndiyo iliyoanza kuweka msingi wa hesabu ya namna hiyo.

Wazo la kuliacha daftari na kwenda kubisha hodi lilikomaa kwingine. Katika mji wa Hagerstown, Maryland, kuanzia mwaka 1921, Edgar Sydenstricker na wenzake walizitembelea familia zilezile kila baada ya wiki chache wakiuliza nani ameugua na amefanya nini. Kati ya mwaka 1928 na 1931 kamati iliyochunguza gharama za matibabu Marekani ilizifuatilia familia 8,758 kwa miezi kumi na miwili kila moja. Zote zilikuwa za Wazungu, jambo linalopasa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba dodoso huwafikia watu wote. Uingereza nayo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilianza kuwauliza watu wazima kila mwezi kuhusu maradhi yao, ikaendelea hadi mwaka 1952. Mwaka 1957 Marekani ikaanzisha mahojiano ya afya ya kudumu, na ndani yake likatulia swali ambalo baadaye lingezunguka dunia nzima: umeugua katika wiki mbili zilizopita?

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake wawili walikusanya matokeo ya tafiti kama hizo katika mchoro mmoja wa miraba ndani ya miraba. Chukua watu wazima 1,000, walisema, na uwatazame kwa mwezi mmoja. Takriban 750 watapata maradhi au jeraha. Kati yao 250 watamwona daktari, 9 watalazwa, 5 watapelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu atafika hospitali ya chuo kikuu. Vyuo vya udaktari vilikuwa vikifundisha kwa kumtazama huyo mmoja. Mchoro ule ulikuwa wa Marekani na Uingereza, lakini naamini haujapata msomaji aliyeuhitaji zaidi ya mpangaji wa afya wa Afrika Mashariki ya miaka ile, mwenye hospitali kubwa chache zilizomeza sehemu kubwa ya bajeti na vijiji maelfu visivyoonekana popote.

Uhuru ulipoingia, Tanganyika ilimwomba Richard Titmuss na wenzake waichunguze hali ya huduma za afya, na ripoti yao ya mwaka 1964 ikasisitiza kinga na vituo vya afya vya vijijini. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, zahanati zilijengwa kwa kasi ambayo nchi nyingi maskini hazijaifikia. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini kusikiliza, kujadiliana na kuchimba vyoo. Hapo ndipo kipimo cha kutembelea kaya kilipotumika kwa namna iliyonivutia sana: wakaguzi walizipitia nyumba kabla na baada ya kampeni, wakatazama choo, maji yaliyotuama na vichaka vilivyozunguka nyumba. Walipima nyumba, si hotuba.

Hata hivyo fahari kubwa ya miaka ile ilikuwa umbali. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa ikielezwa kwamba Watanzania zaidi ya tisa kati ya kumi waliishi ndani ya kilomita 10 kutoka kituo cha tiba. Ni mafanikio ambayo hayastahili kubezwa. Lakini kilomita ni kipimo cha jengo. Mwananchi anaweza kuishi kilomita mbili kutoka zahanati isiyo na dawa tangu mwezi uliopita, na akajua hivyo, na asiende.

Kenya ilikuwa ikijifunza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Kule Machakos, katika miaka ya 1970, wafanyakazi wa mradi wa utafiti walizitembelea kaya zenye watu zaidi ya 20,000 kila baada ya wiki mbili, wakiandika kuzaliwa, kufa, surua na kifaduro. Mchumi Germano Mwabu naye alizifuata kaya za Meru, akauliza swali ambalo daftari la kituo haliwezi kuliuliza: ulianzia wapi, na uliposhindwa ukaenda wapi? Majibu, aliyoyachapisha mwaka 1986, yalionyesha mgonjwa anayezunguka: dawa ya nyumbani, duka, zahanati ya serikali, hospitali ya misheni, mganga wa kienyeji, wakati mwingine kote huko kwa ugonjwa mmoja. Kila daftari lilikuwa na kipande chake cha safari, na hakuna lililokuwa na safari yote. Nyumbani kwa mgonjwa tu ndiko ilikoweza kusimuliwa nzima.

Mbinu ziliendelea kurahisishwa. Chanjo zilipoanza kuenezwa kwa nguvu, Shirika la Afya Duniani lilisambaza utaratibu wa makundi 30, kila kundi watoto 7, jumla 210: wilaya moja ingeweza kujua ndani ya siku chache ni watoto wangapi wamechanjwa, bila kutegemea idadi ya chupa za chanjo zilizofunguliwa. Kisha ukaja mpango mkubwa zaidi. Mwaka 1984, kwa fedha za Marekani, ulianza mfululizo wa tafiti za demografia na afya katika nchi nyingi maskini. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, Tanzania mwaka 1991/92, ambapo wanawake 9,238 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa.

Utaratibu wa mlangoni unastahili kuelezwa, kwa kuwa heshima yote ya takwimu hizi imo humo. Nchi hugawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa ajili ya sensa. Baadhi huteuliwa kwa bahati nasibu. Katika kila eneo lililoteuliwa kaya zote huorodheshwa, kisha chache huchaguliwa kwa utaratibu ambao hauangalii sura ya mtu. Tanzania, mwaka 2022, zilikuwa 26 kwa kila eneo, katika maeneo 629 ya Bara na Zanzibar. Mdadisi akishapewa orodha hana ruhusa ya kuhamia nyumba ya jirani kwa sababu jirani ana kivuli kizuri au mbwa mpole. Mlango ukiwa umefungwa atarudi, na tena atarudi. Wanawake huhojiwa na wanawake, faraghani, mbali na mume na mama mkwe. Kwa muda wa saa moja hivi, mtu ambaye hajawahi kuulizwa chochote na serikali zaidi ya kodi na kura huulizwa habari za kila mtoto aliyemzaa: alizaliwa wapi, nani alimpokea, alichanjwa nini, yu hai? Kwa waliofiwa, swali hilo la mwisho si jepesi kulijibu wala kuliuliza, na wadadisi wetu wamelibeba swali hilo kijiji hadi kijiji kwa zaidi ya miaka 30 bila majina yao kuonekana popote ila kwenye kurasa za nyuma za ripoti.

Yaliyotoka humo ni historia ambayo hakuna kitabu cha MTUHA kingeweza kuiandika. Ukiziweka ripoti za Tanzania mezani kwa mfuatano na kutazama mstari mmoja tu, wa waliojifungulia kituoni, utaona asilimia 53 mwaka 1991/92, 47 mwaka 1996, 44 mwaka 1999. Mstari ulikuwa ukishuka. Vituo viliongezeka, wakunga walifunzwa, na akina mama wakawa wanarudi kujifungulia nyumbani. Muongo huo ndio uliokuja na uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali, tangu mwaka 1993. Kwa mujibu wa sera wajawazito na watoto wadogo walisamehewa ada, lakini mama aliyetakiwa kuja na glavu, wembe na uzi wake alijua kwamba msamaha ulikuwa wa kwenye karatasi. Umaskini wa miaka ile, upungufu wa watumishi na lugha ya baadhi ya wauguzi vilikuwa na sehemu yao pia. Ninachosisitiza ni kwamba bila kubisha hodi tusingejua hata kwamba kuna jambo la kueleza.

Ajabu zaidi ni kwamba wanawake haohao hawakuwa wakikimbia huduma. Utafiti wa 2004/05 uliwakuta zaidi ya tisa kati ya kumi wamehudhuria kliniki ya wajawazito walau mara moja, na asilimia 47 tu wamejifungulia kituoni. Walikuwa na kadi. Walijulikana kwa jina. Walipimwa tumbo, wakachomwa sindano ya pepopunda, na siku ya uchungu hawakurudi. Uchungu huanza usiku, gari halipo, mto umejaa, na anayeshika fedha yuko safarini. Tangu hapo mstari umegeuka: 50 mwaka 2010, 63 mwaka 2015/16, 81 mwaka 2022. Kenya imepita njia inayofanana nayo, asilimia 44 mwaka 1993, ikashuka hadi 40 mwaka 2003, ikapanda hadi 61 mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza uzazi wa bure, na 82 mwaka 2022. Utafiti wa Kenya wa 2014 ulikuwa mkubwa kiasi cha kutoa takwimu za kila kaunti, na hapo wastani wa taifa ukapasuka: Kiambu wanawake zaidi ya tisa kati ya kumi walijifungulia kituoni, Wajir hawakutimia hata mmoja kati ya watano.

Nimesema kwamba dodoso humtafuta asiyefika. Linaweza pia kumpita mlangoni kwake, na sababu mara nyingi ni neno moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikuwa Bagamoyo kwa ajili ya mradi wa vyandarua. Walitaka kujua wazazi hufanya nini mtoto akipata malaria, na walijua swali la kawaida la dodoso: je, mtoto amekuwa na homa katika wiki mbili zilizopita, na ulimpeleka wapi? Lakini walikaa, wakasikiliza, na wakagundua kwamba neno homa kwa akina mama wa pwani halikuwa na mipaka ileile ya kitabu cha daktari. Homa ilikuwa ya mafua, ya uchovu, ya vipindi, ya malaria. Na ulikuwepo ugonjwa mwingine kabisa uitwao degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, anatupa mikono na miguu, anapoteza fahamu. Wengi walieleza kwamba ameshtuliwa na ndege wa usiku, na kwa hiyo huo haukuwa ugonjwa wa hospitali hata kidogo. Ulikuwa wa mganga, wa kuogeshwa dawa na kufukizwa mavi ya tembo. Zaidi ya hayo, waliamini mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Ile sindano ambayo katika miaka ya 1920 watu waliifuata kwa miguu kutwa nzima, hapa ilikuwa ya kuogopwa.

Daktari angesema degedege ni malaria kali iliyopanda kichwani, ile inayoua. Mama angesema ni jambo jingine. Mdadisi akiuliza kuhusu homa, mama mkweli kabisa anajibu: hapana, hakuwa na homa. Mdadisi anapiga alama, anaendelea na swali linalofuata, na mtoto aliyekuwa karibu na kifo kuliko wote wa kijiji anaingia kwenye takwimu za taifa kama mtoto mzima wa afya. Kule Kilifi, ambako Halima Mwenesi na wenzake waliwahoji akina mama wa Kimijikenda, degedege iliitwa nyuni. Msomaji wa tenzi za kaskazini hahitaji kamusi hapo: nyuni ni ndege. Pwani nzima, kutoka Kilifi hadi Bagamoyo, watu walikuwa wamelipa tishio hilo jina la kiumbe chenye mbawa, wakati madodoso yakiuliza habari za joto la mwili. Matokeo ya Bagamoyo yalichapishwa mwaka 1996, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi muhimu zaidi zilizowahi kufanywa kuhusu Kiswahili, ingawa hayakutoka katika idara yoyote ya lugha.

Kilifi ilitoa funzo jingine. Tafiti za nyumbani zilionyesha kwamba akina mama wengi walianzia dukani, kwenye duka hilihili la sukari na mafuta ya taa. Badala ya kuwalaumu, watafiti waliwafunza wenye maduka. Walipozitembelea kaya tena, watoto waliotibiwa kwa dawa ya dukani na kupata kipimo sahihi cha klorokwini walikuwa wametoka karibu asilimia 4 hadi 65. Tanzania baadaye, kuanzia Ruvuma mwaka 2003, ililichukua duka la dawa baridi na kulipa mafunzo, leseni na jina jipya la Duka la Dawa Muhimu. Duka lilipaswa kuwamo hata katika orodha ya majibu ya dodoso. Bila hilo mama aliyesema nilikwenda dukani alikuwa katika hatari ya kuandikwa kwamba hakutafuta matibabu.

Kumbukumbu ina matatizo yake pia. Magharibi mwa Kenya, kule Asembo, na katika mtaa wa Kibera, watafiti waliwahoji watu mara kwa mara na kuona kwamba ugonjwa mdogo huanza kusahaulika baada ya siku tatu au nne tu. Wiki mbili ni nyingi kwa kikohozi. Kuzaliwa au kufa hakusahauliki kwa urahisi, na ndiyo maana maswali hayo huaminika zaidi.

Kufa kuliulizwa kwa utaratibu wa pekee. Tangu mwaka 1992 mradi mmoja ulizifuata kaya za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na kila kifo kilipotokea mdadisi alirudi baada ya muda wa matanga kuwauliza wafiwa dalili za marehemu, ili madaktari wakadirie sababu. Ifakara ikaanza ufuatiliaji wa namna hiyo mwaka 1996 katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, na Rufiji mwaka 1998. Wengi wa waliokufa walifia nyumbani, nje kabisa ya hesabu ya hospitali. Halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini, chini ya TEHIP, mradi wa huduma muhimu za afya, zilipewa picha hizo kwa michoro iliyoeleweka na mtu yeyote wa mipango, zikaona kwamba malaria ilikuwa ikichukua sehemu kubwa ya uhai na sehemu ndogo ya bajeti, na zikabadilisha bajeti. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Michoro haitibu, kulikuwa na fedha za nyongeza, mafunzo na usimamizi. Lakini fedha zilijua pa kwenda.

Kutoka Rufiji kuna matokeo mengine ambayo nadhani yalipaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Watafiti walichukua vifo vya malaria vya mwaka 1999 hadi 2001 wakauliza familia: kwanza mlimpeleka wapi? Kwa miaka mingi maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba watu hufa kwa sababu ya ushirikina, kwa kuanzia kwa waganga. Karibu wanane kati ya kumi wa marehemu walikuwa wameanzia kwenye tiba ya kisasa. Walifika, au walijaribu kufika, na wakafa. Bagamoyo ilifundisha kwamba imani na lugha vinaweza kumficha mgonjwa. Rufiji ikafundisha kwamba tunaweza kuisingizia imani makosa yaliyo ndani ya vituo vyetu wenyewe: kuchelewa, dawa isiyofaa tena, kukosekana kwa damu, rufaa isiyo na gari. Somo la kwanza halilifuti la pili. Yote mawili yalipatikana kwa kuuliza.

Ada iliacha alama yake kwenye hesabu za aina zote mbili. Kenya ilipoanza kutoza mwishoni mwa 1989, kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi iliona mahudhurio ya wanaume yakishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi 65. Daftari liliona watu wakitoweka. Halikuona walikokwenda. Ndiyo maana Kenya baadaye ilianzisha utafiti wa kaya wa matumizi na gharama za afya, ambao mwaka 2003 uliona kwamba kati ya watu waliougua karibu 23 kwa kila 100 hawakutafuta matibabu popote. Mwaka 2007 walikuwa 17, mwaka 2013 walikuwa 13. Hawa ndio watu ambao Mityana ilionyesha kivuli chao tu. Tanzania, utafiti wa 2015/16 uliwauliza wanawake ni nini huwakwamisha wanapougua, na wawili kati ya watatu walitaja walau kikwazo kimoja: fedha, umbali, kutotaka kwenda peke yao, ruhusa.

Kagera ina simulizi yake. Kati ya 1991 na 1994, UKIMWI ulipokuwa ukizifunga nyumba za mkoa ule moja baada ya nyingine, wadadisi walizitembelea kaya zaidi ya 900 hadi mara nne, wakiuliza nani anaumwa, nani amekufa, shamba limeuzwa? Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale. Baadhi walikuwa wamezikwa. Wengine walikuwa wameolewa Mwanza, wamehamia Dar es Salaam, wamevuka mpaka kwenda Uganda. Walitafutwa kwa kuulizia jirani, shemeji, mwenyekiti wa kitongoji, hadi kaya zaidi ya tisa kati ya kumi za mwanzo zikapatikana walau kwa mtu mmoja. Mwaka 2010 walirudi tena. Watoto waliokuwa wamebebwa mgongoni siku ya mahojiano ya kwanza sasa walijibu wenyewe.

Mwezi Februari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha mpango wake wa tafiti za demografia na afya, ule uliokuwa umegharamia sehemu kubwa ya mfululizo huu kwa miaka 40. Kazi zilizokuwa njiani katika nchi kadhaa zilisimama. Ni haki kujiuliza kwa nini jambo la msingi kiasi hiki liliachwa mikononi mwa wengine kwa muda mrefu namna ile, na naliuliza kwa uchungu, kwa kuwa kila namba ya mfululizo huu niliyoitaja hapa ilitokana na mwanamke aliyeacha jiko lake kwa saa nzima bila malipo, akiamini kwamba majibu yake yana kazi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na ile ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar zina ramani za maeneo yote ya kuhesabia watu kutoka sensa ya 2022. Zina wadadisi waliokwisha kubisha hodi Kigoma, Pemba na Simiyu. Lipo dodoso la Kiswahili lililosahihishwa raundi baada ya raundi, neno kwa neno. Kinachosubiriwa ni magari, mafuta, posho, na tarehe ya kuondoka.